Mcheza Kwao Asipotunzwa: Wanamuziki wa Uingereza na Chati ya Nyumbani Kwao

Maneno haya niliyasema mbele ya wanajumuiya wetu Waswahili wa mjini Leicester. Kwa kuwa wengi waliniomba niyaandike, nimeyanyoosha hapa na pale bila kuyageuza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu na vijana wetu, shikamooni kwa wanaostahili shikamoo, na habari za jioni kwa wengine wote.

Waliokulia pwani kama mimi wanaujua ukumbi wa taarabu usiku wa harusi. Mwimbaji anapofika kwenye ubeti uliomgusa mtu, mtu huyo huinuka kitini, akapita katikati ya watu huku noti ameinyanyua juu ya kichwa, akaenda mpaka jukwaani akamtunza. Hakuna asiyemwona. Ameinuka, ametembea, ametoa chake, na ukumbi mzima umejua kwamba ubeti ule umemfika. Tunaposema mcheza kwao hutunzwa, picha inayotujia ni hiyo. Nimeanza nayo kwa sababu nchi hii tunayoishi, ambayo nyimbo zake zimeimbwa kila pembe ya dunia, imefika mahali ambapo mwanamuziki wake anacheza kwao, tena anacheza vizuri, lakini noti nyingi zinapita mbele yake kwenda kwa mgeni.

Sisemi haya kwa kuwachukia wageni, kwani mimi mwenyewe ni mgeni niliyepokewa hapa nikapewa kazi na makazi. Nasema kwa sababu muziki wa nchi hii umenilea utu uzima wangu wote, na wanangu waliozaliwa hapa hawana muziki mwingine wa kuuita wa nyumbani isipokuwa huu na ule tunaowapigia sebuleni.

Mwaka 2024 wimbo uliofanya vizuri kuliko yote nchini Uingereza ulikuwa Stick Season wa Noah Kahan, kijana wa Vermont nchini Marekani, anayeimba kuhusu kipindi kile cha kwao ambacho majani yamekwisha kupukutika na theluji bado haijaanguka. Vijana wa Leicester, wa Leeds na wa Cardiff waliuimba wimbo huo kwa hisia zote, ilhali wengi wao hawajapata kuiona Vermont hata kwenye ramani. Katika nyimbo 10 zilizoongoza mwaka ule hapakuwa na hata mmoja wa msanii wa Uingereza. Uliokaribia zaidi ulikuwa Stargazing wa Myles Smith, kijana wa Luton, mji ambao wengi wenu mnaupita kila mnapoteremka kwenda London, nao ulibaki nje ya 10 hizo. Mwaka uliofuata, 2025, Mmarekani mwingine, Alex Warren, alikaa namba moja kwa wiki 13 na wimbo wake Ordinary, akaipita rekodi ya wiki 11 ambayo Mmarekani mwenzake Slim Whitman aliiweka hapahapa mwaka 1955.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni mapya na yameletwa na simu za mkononi. Naomba nirudi nyuma kidogo. Chati ya kwanza ya singo katika nchi hii, yaani orodha ya kila wiki ya nyimbo moja moja zilizouzwa zaidi, ilichapishwa tarehe 14 Novemba 1952 na gazeti la muziki la New Musical Express, baada ya mtu wao mmoja, Percy Dickins, kupiga simu kwenye maduka 20 hivi na kuwauliza wenye maduka ni santuri zipi zinazotoka. Aliyekuwa namba moja siku ile, na akaendelea kukaa hapo kwa wiki 9, alikuwa Al Martino, mtoto wa Philadelphia. Tangu siku ya kwanza kabisa ya kuhesabu, basi, kiti cha mbele alikikalia mgeni. Na kwa miaka kadhaa baada ya hapo, sehemu kubwa ya kazi ya waimbaji wa Uingereza ilikuwa kuziimba upya nyimbo zilizokwisha kuvuma Marekani na kushindana na wenye nyimbo zao sokoni. Januari 1957 wimbo Singing the Blues ulishika namba moja kwa sauti ya Guy Mitchell, Mmarekani, na katika mwezi huohuo ukaishika kwa sauti ya Tommy Steele, kijana wa Bermondsey, kusini mwa London. Wimbo ni mmoja, na mwenyeji anamsubiri mgeni aumalize ili naye apate zamu.

Kilichowatoa katika hali ile kilikuwa ubao wa kufulia nguo. Nasema kweli kabisa. Lonnie Donegan, mzaliwa wa Glasgow, aliingia chati za nchi zote mbili, Uingereza na Marekani, mwaka 1956 kwa wimbo wa kale wa Kimarekani alioupiga kwa mtindo ulioitwa skifo, na uzuri wa skifo ni kwamba haukudai fedha. Kijana alihitaji gitaa moja la bei rahisi, ubao wa bati wa mama yake wa kufulia, ambao aliukwangua kwa vidole vilivyovaa vikofia vya kushonea, na kasha la majani ya chai lililosimamishwa mpini wa fagio na kuvutwa kamba moja ili liwe besi. Maelfu ya vijana wakaunda vikundi, mmoja wao akiwa John Lennon wa Liverpool. Vikundi vile vilihitaji mahali pa kupigia, na mahali palikuwepo: vyumba vya chini ya maduka, kumbi za makanisa, vilabu vya wafanyakazi. Katika ghala moja la chini ya ardhi lililoitwa Cavern, mjini Liverpool, Beatles, kundi la Lennon, walipiga karibu mara 300 kabla dunia haijawajua vizuri.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo watu husahau kulitaja. BBC ya wakati ule haikuruhusiwa kupiga santuri kutwa nzima, kwa kuwa chama cha wanamuziki na kampuni za santuri waliwekeana mkataba nayo wa saa chache tu za santuri, ili wapigaji walio hai wasipoteze kazi. Muda uliobaki ulipaswa kujazwa na watu waliokuja studio na ala zao, na waliokuwa karibu na studio ni wenyeji. Beatles peke yao walipiga nyimbo katika studio za BBC zaidi ya mara 200 katika miaka michache. Matokeo yakaonekana haraka. Katika mwaka mzima wa 1963, Mmarekani mmoja tu ndiye aliyefika namba moja katika chati ya hapa, naye alikuwa Elvis Presley. Kwingine kote walitawala wenyeji, wengi wao vijana wa Liverpool na wa London. Mkataba ule wa redio ulikuwa na ubaya wake, na vijana wenyewe waliuchoka wakakimbilia redio za meli zilizotia nanga nje ya pwani, lakini hauwezi kutolewa katika hesabu ya jinsi nchi hii ilivyojifunza kuimba kwa sauti yake.

Na kwa kuwa humu tumo Waswahili watupu, siwezi kupita bila kumtaja mtoto wa Unguja. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964, naye akaja kujiita Freddie Mercury. Bendi yake, Queen, iliundwa mwaka 1970. Singo yao ya kwanza, mwaka 1973, haikuingia kwenye chati kabisa. Mwaka 1974 wakapata wimbo wao wa kwanza ndani ya 10 bora, na mwishoni mwa Novemba 1975 Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika 6 ambao hata waliouuza waliona ni mrefu mno kwa redio, ukakaa namba moja kwa wiki 9. Naomba mhesabu nami: kutoka bendi kuundwa mpaka namba moja ilipita miaka mitano, na ndani ya miaka hiyo kulikuwa na kumbi za vyuo zilizowaita, redio iliyowajaribu, na kampuni iliyowavumilia baada ya singo kuanguka. Nikiulizwa leo ni nini kinachopungua katika muziki wa Uingereza, sitajibu kuwa ni vipaji. Nitajibu kuwa ni hiyo miaka mitano.

Sasa niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka 1995 nilikuwa mwanafunzi katika mji huu, na kila Jumamosi nilifanya kazi katika duka moja la santuri ambalo sasa ni duka la miwani. Mashine yetu ya malipo ilikuwa imeunganishwa na waliohesabu chati, hivyo kila sidii uliyoipitisha mbele ya ile taa nyekundu, mashine ikilia, hesabu ilikuwa imeingia. Katikati ya Agosti mwaka ule bendi mbili za hapahapa, Blur na Oasis, zilitoa singo siku moja, na nchi nzima ikagawanyika. Jumamosi ya tarehe 19 alikuja mtoto wa miaka 12 hivi akiwa na peni zake ndani ya soksi. Akazimwaga juu ya kaunta, akazipanga mafungu mafungu, akagundua kwamba zinatosha sidii moja tu, na akasimama pale kwa dakika nzima akiangalia huku na huku kama mtu anayechagua kati ya ndugu wawili, nyuma yake foleni ikiongezeka na hakuna aliyemfokea, kwa kuwa kila mmoja kwenye foleni ile alikuwa na uamuzi huohuo mbele yake. Hatimaye akasukuma sidii moja kuelekea kwangu. Nikaipitisha. Mashine ikalia. Akauliza: "Imeshahesabiwa?" Nikamwambia: "Tayari." Akaondoka bila hata kuchukua mfuko. Kesho yake, Jumapili, matokeo yalisomwa: Blur nakala 274,000, Oasis 216,000, na habari hiyo ikatangazwa mpaka kwenye taarifa ya habari ya televisheni.

Mtoto yule alikuwa ameinuka kitini, ametembea, ametoa chake. Ule ulikuwa utunzaji, na ulifanyiwa wanamuziki wa kwao.

Sitaki mdhani kwamba biashara ya wakati ule ilikuwa safi. Wakala wa kampuni moja ya muziki aliwahi kutuletea sanduku zima la sidii za bure, kwa sababu tu alijua duka letu linahesabiwa, na meneja akazikubali, nami nikatumwa kuzipanga mbele kabisa, mahali palipostahili bendi ya vijana wa mji huu waliokuwa wakiniulizia kila wiki kama yao imetoka hata moja. Bei za wiki ya kwanza zilikuwa za kutupa ili wimbo uanzie juu, kisha ukaporomoka. Ndiyo maana mwaka 2000 peke yake ulipata nyimbo zaidi ya 40 za namba moja. Lakini hata katika vurugu ile, kijana wa hapa aliyekuwa na wapenzi 5,000 waliomwamini kikweli aliweza kuwaita wote waende dukani wiki moja, na akaonekana.

Leo hesabu ni nyingine, na naomba mnivumilie niieleze taratibu, kwa kuwa watu wengi wanaizungumza chati bila kujua inavyopikwa. Tangu Julai 2014, kusikilizwa mtandaoni kunaingia katika chati ya singo. Mwanzoni kusikilizwa mara 100 kulihesabiwa sawa na nakala moja iliyouzwa, mwaka 2017 zikawa mara 150, na mwaka 2018 wakatenganisha: anayelipia huduma anahesabiwa mara 100 kwa nakala moja, na asiyelipia mara 600. Mtu mmoja akiurudia wimbo mmoja zaidi ya mara 10 kwa siku, zinazozidi haziingii. Hizo ndizo kanuni, na ukizitazama harakaharaka zinaonekana za haki.

Lakini rudini kwa yule mtoto wangu wa soksi. Yeye alihesabiwa mara moja, siku aliyonunua. Hata kama aliusikiliza wimbo ule mara 500 chumbani kwake mpaka mama yake akachoka, chati haikuwa na habari. Leo chati ina habari ya kila mara, na inayo pia habari ya pale ambapo hakuna aliyeinuka kitini: mwanafunzi aliyelala huku simu inaendelea kuimba, dereva aliyeiachia programu imchagulie, msichana anayefua nguo na orodha ya nyimbo iliyopangwa na mtu asiyemjua. Zamani chati ilipima kutunza. Siku hizi inapima mazoea. Na katika kupima mazoea, aliye mkubwa tangu mwanzo ana faida isiyokwisha. Marekani ina watu wapatao milioni 340, Uingereza haifiki hata milioni 70. Wimbo wa Marekani unapofika hapa umeshasikilizwa na umati kule, na programu, ambayo kazi yake ni kukisia kitakachokufurahisha kutokana na kilichowafurahisha wengine, inausukuma mbele. Haijali tena kama umetoka mwezi uliopita au mwaka uliopita. Stick Season ulitolewa Julai 2022, na ulifika namba moja hapa Januari 2024. Ulikuwa na mwaka mmoja na nusu wa kukua, ukilishwa na masikio ya mabara mawili, wakati msanii wa Luton au wa Hull anapewa wiki mbili, na kama namba hazikupanda anaambiwa alete wimbo mwingine.

Niongeze hapa jambo dogo ambalo huwa nalifikiria. Kipindi cha televisheni cha Top of the Pops, kilichoanza siku ya mwaka mpya wa 1964 na kikaacha kurushwa kila wiki mwaka 2006, mara nyingi kiliwataka wasanii wafike studio. Mmarekani alipaswa kupanda ndege. Wa hapa alipanda treni. Kila wiki nchi nzima, mzee na mtoto, iliona nyuso za wenyeji. Sijui kama wapangaji wake walikusudia kuwasaidia wenyeji, lakini walisaidiwa.

Tena mgeni si mshindani peke yake. Mwanamuziki kijana wa Uingereza anashindana pia na marehemu na wazee wa kwao. Juni 2022, Running Up That Hill wa Kate Bush, uliotolewa mwaka 1985 na kuishia namba 3, ulifika namba moja baada ya miaka 37, kwa sababu ulisikika katika tamthilia ya televisheni ya Marekani. Chati ina kanuni ya kuwapunguzia hesabu nyimbo zilizozeeka, kwamba wimbo ukishapita takriban wiki 10 na kushuka mfululizo, kila nakala yake inadai kusikilizwa mara mbili zaidi; kwa wimbo huu kanuni hiyo ilibidi iondolewe ili ukweli uonekane. Nilifurahi kwa ajili ya mama yule, na bado nafurahi. Lakini Last Christmas wa Wham!, wa mwaka 1984, ulipokuwa namba moja ya Krismasi mwaka 2023 na tena 2024, nilimtazama binti yangu aliyezaliwa miaka mingi baada ya wimbo ule akiuimba neno kwa neno, nikajiuliza wimbo wa Krismasi wa kizazi chake utapata wapi nafasi ya kuzaliwa.

Na hata wenyeji wanapotawala, hutawala kwa namna ya kutia wasiwasi. Machi 2017 Ed Sheeran, mtoto wa Suffolk, alikuwa na nyimbo 16 ndani ya 20 bora, zote kutoka albamu moja. Kwa hesabu ya bendera, ilikuwa wiki tukufu kwa muziki wa Uingereza. Kwa hesabu ya watu, ilikuwa wiki ya mtu mmoja. Julai ya mwaka huohuo ikaja kanuni kwamba msanii kiongozi asiwe na nyimbo zaidi ya 3 katika chati, na naiona kuwa miongoni mwa kanuni chache zilizotungwa kwa kumfikiria anayesubiri mlangoni.

Nisiwe mtu wa kulia tu. Kiangazi cha mwaka 2023, Dave na Central Cee, vijana wawili wa London, walikaa namba moja kwa wiki 10 na wimbo wao Sprinter, wakirapu kwa Kiingereza cha mitaani kwao bila kuiga lafudhi ya Marekani. Muziki wa aina yao ulikuwa umefungiwa milango ya redio kubwa kwa miaka mingi, na mtandao huuhuu ninaoulaumu ndio uliowafungulia. Haki lazima isemwe. Mapema mwaka huo mwimbaji Raye alishika namba moja akiwa amejitegemea, baada ya kampuni yake kumchelewesha kwa miaka bila kumtolea albamu mpaka akaachana nayo mwaka 2021. Mwaka 2024 akazoa tuzo 6 za Brit, tuzo kubwa za muziki za nchi hii, usiku mmoja, idadi ambayo haikupata kufikiwa na yeyote. Januari 2025 Lola Young alikaa namba moja kwa wiki 4. Katika majira ya vuli ya mwaka huohuo Olivia Dean alishika namba moja ya singo na ya albamu kwa wakati mmoja, jambo ambalo mwanamke wa Uingereza anayeimba peke yake hakulifanya tangu Adele mwaka 2021.

Watazameni vizuri hao niliowataja. Dave ni mtoto wa wazazi kutoka Nigeria. Mama yake Raye ana asili ya Ghana na Uswisi. Bibi yake Olivia Dean alikuja na kizazi cha wahamiaji kutoka Karibiani. Michael Kiwanuka, ambaye wazazi wake walitoka Uganda na ambaye alitwaa tuzo ya albamu bora iitwayo Mercury mwaka 2020, alikulia Muswell Hill, kaskazini mwa London. Mtu akisema "muziki wa nyumbani" katika nchi hii, anasema habari za watoto wetu. Ndiyo maana nimekubali kusimama mbele yenu leo, kwani hili si la kuwaachia Waingereza peke yao walizungumze.

Kuna jambo jingine linalowaunganisha: Raye, Lola Young na Olivia Dean wote walipita katika shule moja iliyoko Croydon, BRIT School, iliyofunguliwa mwaka 1991, walikopita pia Amy Winehouse na Adele. Shule hiyo haidai karo. Mtoto wa dereva wa basi anaweza kuingia pale, akakuta piano, studio na mwalimu. Shule moja imefanya yote hayo. Halafu katika shule za kawaida, hizi wanazosoma watoto wetu, ala za muziki zimekuwa kitu cha mzazi mwenye uwezo.

Wengine hupendekeza kwamba Uingereza ifanye kama Ufaransa, ambayo kwa sheria ya mwaka 1994 iliyoanza kutumika 1996 ilizitaka redio kupiga asilimia 40 za nyimbo za Kifaransa, au kama Kanada, ambayo tangu 1971 imeweka kiwango cha muziki wa Kikanada kwenye redio. Nimelifikiria sana pendekezo hilo na siliafiki. Mfaransa ana lugha yake, na lugha ni ua unaozunguka nyumba. Sisi tunalijua hilo vizuri kuliko wengi: Bongo Fleva isingesimama kama ilivyosimama kama isingekuwa ya Kiswahili, maana hakuna Mmarekani awezaye kumwimbia mtu wa Mbagala kwa lugha yake. Mwingereza hana ua huo. Anazungumza lugha moja na jirani aliye mkubwa mara tano kuliko yeye, na lugha hiyohiyo iliyompeleka Liverpool mpaka New York ndiyo inayomleta Nashville mpaka Leicester. Tena redio ya leo si mlango pekee. Ukiifunga kwa asilimia, kijana ataufungua mlango wa simu. Asiye na ua, basi, inampasa awe na jiko linalowaka.

Na jiko lenyewe linazimwa. Kwa mujibu wa hesabu za Music Venue Trust, taasisi inayozitetea kumbi ndogo za muziki, mwaka 2023 peke yake nchi hii ilipoteza kumbi 125. Desemba mwaka huo Moles, ukumbi wa mjini Bath uliofunguliwa mwaka 1978, ulifunga milango. Oasis walipiga pale kabla ya kuwa Oasis tunaowajua, Radiohead pia, Ed Sheeran pia. Mwaka 2024 zilizobaki ziliishi kwa faida ya wastani isiyofikia hata peni moja kwa kila pauni, huku kodi ya pango, umeme na bima vikipanda. Mwenye ukumbi mmoja wa mji huu, ambaye mimi humsaidia mitambo siku za Jumanne, aliniita usiku mmoja baada ya onyesho, akanionyesha daftari: viingilio vya watu 34, malipo ya bendi, malipo ya fundi sauti, bia iliyouzwa, umeme. Baada ya kutoa kila kitu zilibaki pauni 11, na zulia la jukwaani lilikuwa limechanika siku hiyohiyo.

Zimetolewa hoja kwamba kila tiketi ya viwanja na kumbi kubwa ikatwe pauni 1 iende kwenye kumbi ndogo, na mwaka 2024 serikali iliitaka sekta yenyewe ifanye hivyo kwa hiari. Naiunga mkono hoja hiyo kwa moyo wote, na ningependa ingekuwa sheria. Mtu anayelipa pauni 150 kumwona nyota wa Marekani uwanjani hataikosa pauni moja, na pauni hiyo kwenye daftari nililolisoma ni kitu kikubwa. Myles Smith, yule wa Luton, alipopokea tuzo yake ya Brit Machi 2025, hakutumia dakika zake kumshukuru kila mtu. Aliwauliza wakubwa wa serikali na wa kampuni za muziki kwa nini, ikiwa muziki wa Uingereza ni miongoni mwa vitu vyenye nguvu kubwa ambavyo nchi hii inaupelekea ulimwengu, wanautendea kama jambo la kukumbukwa mwishoni, na akawauliza kampuni kama ziko tayari kumsubiri msanii zaidi ya kibao kimoja. Nilimsikiliza nikiwa jikoni kwangu, nikaacha kukuna nazi.

Ndugu zangu, serikali itakwenda kwa mwendo wake. Ninaloweza kuwaomba nyinyi ni dogo, na linaanza wiki ijayo. Mnamjua yule binti aliyetuimbia hapa sikukuu ya Idi, mjukuu wa mzee wetu aliyeketi pale mbele. Ametunga nyimbo sita za Kiingereza, mojawapo ina kiitikio cha Kiswahili, na ameniomba nimfungie mitambo. Atapiga Jumanne katika ukumbi ule wa daftari, yeye na gitaa lake na rafiki yake mwenye ngoma. Kiingilio ni pauni 6, na watoto wanaingia bure wakiwa na wazazi. Zulia tumekwisha kulishona. Mlango unafunguliwa saa moja usiku, naye atapanda jukwaani saa mbili kamili.